Samaki 3,000 kwenye bwawa la mita 10 kwa 15, halafu eti NINA ROHO MBAYA!

Wakuu, nimetoka bwawani sasa hivi, mikono yote shombo. Yule jamaa wa vifaranga vya samaki mnamjua, yule wa pikipiki na madumu ya bluu, hakuna mfugaji Kigamboni hajapita mikononi mwake. Leo kanitazama usoni, mbele ya mlinzi na mama mkwe wangu, akasema: "Dada, samaki wanahisi roho ya mwenye bwawa."

Roho! Mimi!

Miezi mitatu iliyopita kalipima bwawa kwa hatua zake mwenyewe, akasema perege 3,000 wanaingia na nafasi inabaki. Mita za mraba 150! Samaki 20 kila mita! Daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni ina nafasi kuliko pale, na abiria angalau ana dirisha. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa ni wawili watatu kwa mita, basi. Langu lilitaka 450.

Saa kumi na moja alfajiri mlinzi kanigongea. Nikakuta maji ya kijani kama mchicha uliosagwa, juu midomo mitupu, inafunguka inafunga, inafunguka inafunga. Kulipokucha nikaopoa ndoo kumi na moja. Yeye kaja saa tatu, kachungulia, eti roho. Mama mkwe hajanisemesha mpaka sasa.

Jibu: Pole dada. Ule ukijani wa maji nao usiku unavuta hewa, ndiyo maana wanakufa alfajiri. Toa maji, ingiza mapya, leo usilishe.

Jibu: 3,000 ukalipa bila kuuliza? Hata vidole vya kuhesabia huna?

Jibu: Ungeweka kambale. Yule anapanda juu anavuta hewa, hafi kizembe.

Jibu: Kambale wanatafunana wenyewe! Mimi huyo huyo aliniuzia "madume matupu", mwezi wa nne bwawa limejaa vitoto, wote wamedumaa kama kidole.

Jibu: Afadhali yako. Mimi niliuziwa mitetea 40, wakakua majogoo 31. Chanika mtaa mzima hatulali.

Mwenye uzi: Jamani, mama mkwe ALIKUWA AMESIMAMA PALE PALE!

Jibu: Hao majogoo unauza?

Jibu: Bei maelewano. Njoo na tenga.