Tupeane uzoefu: waliowahi kupita Mfereji wa Panama

Mwanzisha mada, Dar

Wakuu salaam. Aliyewahi kupita Mfereji wa Panama, kwa boti ya matembezi au kwa kazi ya meli, atuwekee hapa alichokiona. Naanza mimi.

Nilikwenda kule kikazi, siku ya mwisho nikakata tiketi ya nusu mfereji. Boti inatoka Amador, upande wa Pasifiki, inapanda loki za Miraflores na Pedro Miguel, inapita katikati ya mwamba wa Culebra, halafu inashusha watu Gamboa. Mfereji mzima ni kama kilomita 80 na unakula siku nzima. Nusu ilinitosha.

Loki ni chumba cha zege kisicho na paa, urefu mita 305, upana mita 33.5, chenye milango ya chuma mbele na nyuma. Tuliingia nyuma ya meli ya mizigo, nikahisi kama tumeteremshwa kisimani. Ukutani, karibu kabisa na mkono wangu, kulikuwa na ngazi ya chuma iliyoshika utelezi wa kijani. Milango ilipofungwa nikakazia macho kipago kimoja. Maji hayakuvuma, yalitokota tu kutoka chini. Kipago kikazama, cha juu yake nacho kikazama, na baada ya dakika kama kumi nikawa naangaliana na viatu vya mfanyakazi aliyesimama juu ya ukuta.

Na hakuna pampu hata moja! Ni maji ya Ziwa Gatun, mita 26 juu ya usawa wa bahari, yanateremka yenyewe ndani ya kuta na kutokea kwenye matundu ya sakafuni. Ndivyo ilivyokuwa mfereji ulipofunguliwa Agosti 1914, ndivyo ilivyo leo. Machozi yalinilenga, na sioni haya kusema.

Baharia, Unguja

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nimepita mara nne nikiwa kazini. Suez hakuna loki, meli inakwenda moja kwa moja kama iko barabarani. Panama ni shughuli. Bandari nyingi rubani ni mshauri wa nahodha, lakini pale rubani wa mfereji akishapanda, amri ya mwendo wa meli ni yake. Wanapanda pia watu wao wa kushika waya. Mbele ya loki utaona watu wawili kwenye mashua ya makasia wanakuja kupokea kamba ya meli yenye tani elfu hamsini. Mara ya kwanza sikuamini.

Waya zinafungwa kwenye vichwa vya treni vinavyotembea juu ya kuta, wenyewe wanaviita nyumbu. Wengi hudhani vinaivuta meli. Meli inakwenda kwa injini yake, nyumbu wanaizuia isikwaruze ukuta, maana meli pana inabakiza kama sentimita 60 tu kila upande. Nikiwa omo, mbele kabisa ya meli, niliona zege limepakwa rangi za meli zilizotangulia, nyekundu juu ya bluu juu ya nyeusi. Kwenye loki mpya za mwaka 2016 nyumbu hawapo, kazi hiyo ni ya tagi, boti za kuvuta na kusukuma meli.

Wa pwani wenzangu hili mtalipenda: upande wa Pasifiki maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita tano na zaidi, upande wa Karibi hata nusu mita hayafiki. Ndiyo maana milango mirefu kuliko yote iko Miraflores.

Wa Nairobi

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, mimi niliulizwa uwanjani. Na msipange ndege jioni ya siku hiyo. Wakala wangu aliniambia tutarudi saa nane, tukarudi saa kumi na mbili, kwa sababu boti ndogo inasubiri meli ya kuingia nayo. Sitaki kulaumu mfereji, ila yeye alilijua hilo akanyamaza. Miezi mizuri ni Januari hadi Machi, mvua hakuna. Lakini mvua tuiombee: kila meli inayopita inamwaga baharini mamilioni ya lita za maji yasiyo na chumvi, na Ziwa Gatun hilohilo linanywesha Jiji la Panama. Ukame wa 2023 ulipunguza meli kutoka kama 36 kwa siku hadi chini ya 25.

Kutoka Brooklyn

Nimesoma yote, naomba niongeze waliouchimba. Mama mwenye nyumba ninayopanga asili yake ni Barbados, na babu yake alikwenda Culebra kama maelfu ya vijana wa kisiwa kile. Wamarekani weupe walilipwa kwa sarafu za dhahabu, watu weusi wa Karibi kwa sarafu za madini ya fedha, na hata dirisha la posta lilikuwa mbali mbali. Kumbukumbu za hospitali za miaka ya Wamarekani zinahesabu vifo 5,609, wengi wao wakiwa hao wa sarafu za fedha. Kabla yao, enzi za Wafaransa, homa ya manjano na malaria zilishaua watu wengi zaidi.

Nilipopita mwenyewe, boti ilipofika Culebra nilimpigia mama huyo simu ya video. Nikawa namwonyesha meli kubwa inayopishana nasi, anaitikia tu. Kisha akasema, "Mwanangu, geuza simu, nionyeshe mwamba."