Je, Ukosoaji wa Kisoshalisti dhidi ya Ubepari Umepitwa na Wakati?

Hoja iliyoletwa mezani ni kwamba usoshalisti ulizikwa mwaka 1991, Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, na kwamba anayetumia msamiati wa Karl Marx, mwanafikra wa Kijerumani wa karne ya 19 aliyeukosoa ubepari, kuueleza uchumi wa leo anafukua kaburi. Naikataa hoja hiyo, ingawa sehemu yake moja ni ya kweli na nitaifikia. Kosa lake ni kuchukua kushindwa kwa serikali fulani kuendesha uchumi kuwa ushahidi kwamba maswali ya wasoshalisti kuhusu kazi na umiliki hayakuwa na maana.

Tulitazame jengo moja. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la ghorofa la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh. Benki iliyokuwa ghorofa za chini iliwaondoa wafanyakazi wake. Kesho yake asubuhi mafundi wa viwanda vya nguo vilivyokuwa ghorofa za juu waliamriwa kuingia kazini, baadhi yao kwa kitisho cha kukatwa mshahara, na kabla ya saa tatu jengo likaporomoka. Waliokufa walizidi 1,100.

Habari za nyufa walikuwa nazo. Hakuna aliyewafunga minyororo, na mbele ya sheria walikuwa watu huru walioingia mkataba kwa hiari. Marx, katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake Das Kapital iliyotoka mwaka 1867, aliandika kwa kejeli kwamba mfanyakazi yuko huru kwa maana mbili: yuko huru kuiuza nguvukazi yake, na tena yuko huru kwa kuwa hana kitu kingine cha kuuza. Sijaona maelezo mengine yanayoifafanua asubuhi ile vizuri zaidi.

Mpinzani atauliza: na ile benki iliyowaondoa watu wake, haikuwa ya kibepari? Ilikuwa. Ila kiwanda cha nguo kilibanwa na oda za makampuni ya ng'ambo, zenye bei ya chini na tarehe maalumu ya kupakia mzigo, na mwenye kiwanda alijua kwamba akichelewa, oda ijayo itakwenda kwa mshindani wake. Ukosoaji makini wa kisoshalisti, kwa hiyo, haudai kwamba matajiri ni waroho. (Wengi wetu tunaoutetea tumeushusha hadhi kwa kuugeuza mahubiri dhidi ya uroho.) Unadai kwamba ushindani humlazimisha hata mwajiri mwenye huruma kubana gharama pale ambapo mfanyakazi hana nguvu ya kukataa.

Sasa niifikie ile sehemu ya kweli. Mwaka 1945 Friedrich Hayek, mwanauchumi mtetezi wa soko huria, alieleza kwamba bei hubeba maarifa yaliyotawanyika miongoni mwa watu wengi, maarifa ambayo hakuna ofisi ya mipango inayoweza kuyakusanya yote, na uhaba wa bidhaa katika nchi za Kisovieti uliipa hoja yake uzito mkubwa. Tena, kumbadilisha mmiliki, kutoka tajiri hadi dola, hakukumpa mfanyakazi sauti. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, katika Muungano wa Kisovieti, ulipolipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, wakazi wa mji jirani wa Pripyat, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa mtambo huohuo na familia zao, hawakuhamishwa mpaka alasiri ya siku iliyofuata, na hawakuwa na chama huru cha wafanyakazi cha kuwasemea. Msoshalisti anayekwepa jambo hili hastahili kusikilizwa anapoitaja Rana Plaza.

Wapo pia wanaosema kwamba zama za viwanda zimepita na leo kila mtu ni mjasiriamali mwenye simu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber, kampuni ya usafiri unaoagizwa kwa programu ya simu, waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara, si wafanyabiashara waliojiajiri, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyopanga nauli na masharti, na dereva aliyekataa safari mara nyingi alizuiwa kwa muda kuitumia programu. Majaji hawakuhitaji kumsoma Marx ili kuuliza nani anamwamuru nani.

Turudi Savar. Mwezi Mei 2013 makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi yalitia saini mkataba wa usalama wa majengo wenye nguvu ya kisheria, uliotambua haki ya mfanyakazi kukataa kuingia katika jengo analoamini kuwa ni la hatari. Watetezi wa soko huria huutaja kuwa uthibitisho kwamba ubepari hujirekebisha wenyewe. Basi watueleze ni kwa utaratibu gani soko lingeileta haki hiyo bila vyama vya wafanyakazi na bila maiti zile, kwa sababu mteja aliyesoma bei ya shati dukani hakuwa na namna ya kuziona nyufa ndani ya bei hiyo.