Nimepangiwa Chunya na mama anasafishwa damu Mbeya mjini, niende?

BintiRungwe: Habari zenu wakubwa. Nimemaliza chuo 2019, nikajitolea kufundisha, nikauza vitenge, safari hii usaili nimepita na nimepangiwa sekondari moja ndani ndani huko Chunya, hesabu na fizikia. Nilivyomsomea mama ile meseji alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Sasa mama figo zote mbili zimefeli, anasafishwa damu hospitali ya Rufaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila akienda, na mimi ndo nampeleka, ndo nampimia maji ya kunywa kikombe kimoja cha plastiki kwa awamu, ndo nachemsha viazi namwaga maji ya kwanza nachemsha tena. Mtu kazaliwa Tukuyu kwenye migomba haruhusiwi ndizi wala parachichi, fikirieni. Kuripoti ni siku 14, zimebaki 9. Kazi naitaka sana jamani, usiku napanga somo la vekta kichwani, ila nikiuona mkono wake ule wenye plasta naishiwa nguvu. Kaka yuko Tunduma na biashara zake.

MwlMakete: Mdogo wangu hiyo nafasi usiiache, ukisharipoti ndo unaongea. Siku ya kwanza kabisa mweleze mkuu wa shule, nenda na barua ya daktari, kabla ratiba ya vipindi haijapangwa. Mimi baba yangu aliugua nikiwa kwenye mwaka wa majaribio, nilikaa kimya kwa woga nikawa natoroka, hicho ndo kitu najutia mpaka leo.

Mama Pendo: Pole mwanangu. Waombe manesi wamhamishie Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ijumaa jioni unashuka mlima wa Kawetere kuja Mbeya, Jumamosi unakaa naye wewe, zile mbili kaka yako azibebe, Tunduma sio mbali, na biashara haina mama.

Fundi_Uyole: Na bima dada. Ukishaanza kukatwa NHIF, ile bima ya afya ya taifa, 3% wewe na 3% mwajiri, mama unamwandikisha mtegemezi wako. Angalia jina lake kwenye cheti chako cha kuzaliwa lifanane na la kitambulisho chake cha NIDA herufi kwa herufi, lisipofanana anza kurekebisha leo leo.

BintiRungwe: Ndaga fijo, asanteni sana wote, nimelia kusoma. Cheti kimeandikwa Tumain bila i ya mwisho, kesho naanza na hilo. Nesi kasema kuna kitanda Jumanne, kaka nilimpigia akanyamaza mudaa halafu akasema atakuja Jumapili aonyeshwe kupima maji. Jana usiku mama kaniambia simama hapo nifundishe, nikageuza kalenda ya ukutani nikachora mishale ya vekta, yeye kajifunika blanketi mpaka kidevuni ananyoosha kidole kuuliza maswali. Jumatatu naondoka na gari la asubuhi.