Ukibuni kitu kazini, mshahara unatosha au ulipwe zaidi?

Mwanzisha mada: Wakuu, karibu kila ofisi niliyopitia ina sanduku la maoni ukutani. Kufuli lina kutu, na ufunguo hakuna ajuaye uliko. Halafu kila mwaka tunaitwa semina, tunakula sambusa, tunahimizwa "tuwe wabunifu". Tuwe wabunifu kwa faida ya nani?

Mfano ninaoujua ni wa Japani. Shuji Nakamura alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Nichia. Aliambiwa aache utafiti wake, akakaidi, na mwaka 1993 kampuni ikatangaza taa ya LED ya bluu yenye mwanga mkali. Ni taa hiyo iliyofungua njia ya LED nyeupe tunazowasha majumbani leo. Bakshishi yake? Yeni 20,000. Akaenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yeni bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa yeni milioni 840 hivi. Mwaka 2014 akawa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Msimamo wangu: mbunifu apewe asilimia. Cheti na fulana ya Mei Mosi haviliki.

Meneja mstaafu: Kisa umekikata nusu, ndugu yangu. Nichia ndiyo iliyompeleka Florida kujifunza, ikamnunulia na mitambo. Majaribio yangebuma angerudisha mishahara aliyokwisha kula? Hasara ya mwajiri peke yake, faida ya wote, hapana.

Na pesa sizo zinazomfungua mtu mdomo. Toyota wanapokea mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951, na zawadi ya pendekezo la kawaida ni ndogo tu. Lakini mtu anajibiwa. Pale fundi akiona kasoro anavuta kamba, na msimamizi anakuja kuuliza kuna nini, hafoki. Tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, laini ya uzalishaji inasimama. Kwetu ukisimamisha mashine unaandika barua ya kujieleza.

Fundi wa zamu ya usiku: Nyote mnaongea kama watu wenye ajira ya kudumu. Kiwandani kwetu mashine ya kufungashia ilikuwa inakwama kila baada ya muda, maboksi yanaingia upande. Nikachomelea kipande cha bati kama mkono wa kuyaelekeza. Kukwama kukaisha. Mwaka ule nikawa mfanyakazi hodari, nikapigwa picha na bosi.

Wiki iliyofuata vibarua wawili waliokuwa wanasimama pale kunyoosha maboksi hawakuitwa tena getini. Mmoja wao, mama, tulikuwa tunapanda naye daladala moja. Sasa hivi nina mawazo mengine mawili, nimeyakalia. Hiyo asilimia yenu ningeila vipi huku namtazama yule mama machoni?

Mwanzisha mada: Fundi, hapo umenishika. Nilihesabu watu wawili tu, mbunifu na mwajiri. Vibarua sikuwaweka kabisa. Asilimia bado naitaka, lakini naongeza sharti: kabla wazo halijaanza kutumika, mwajiri aandike kwamba wale litakaowapunguzia kazi watapangiwa nyingine hapohapo, vibarua wakiwemo.

Meneja, enzi zako ungeisaini karatasi hiyo?

Meneja mstaafu: Kwa wenye mikataba, ndiyo. Kwa vibarua ningeomba nikalale kwanza.