Mnaotaka Morse irudi kwenye mtihani wa leseni, leo mtanisikia

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikaa rohoni tangu Jumamosi, leo nalitapika.

Mimi niko huku Marekani, nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza hewani kwa kujifurahisha tu bila biashara, daraja la Jenero (la kati; la juu kabisa ni Ekstra). Jumamosi nikaenda mkutano wa klabu moja ya hapa, jina naliacha. Nikajitambulisha, nikataja ishara yangu ya wito, zile herufi na namba zinazonitambulisha hewani. Mzee mmoja akaniuliza nilifanya mtihani mwaka gani. Nikamjibu. Akawageukia wenzake: "Huyu ni wa baada ya 2007, leseni ya kuokota." Maana yake sikupimwa Morse, ile lugha ya milio ya nukta na vistari, kwa kuwa mwaka huo iliondolewa kwenye mtihani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ya kuokota? Maswali 35, usipopata 26 unarudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nasomea mambo ya antena ndani ya basi huku macho yanafumba. Niliokota wapi?

Morse iliwekwa kwenye mtihani kwa sababu inayoeleweka. Meli ziliomba msaada kwa Morse, kwa hiyo mwenye mtambo wa kurushia alipaswa kuelewa akiambiwa anyamaze apishe. Sawa kabisa. Ila meli zenyewe zilishahamia mfumo mwingine, Februari 1999 ukawa mwisho. Mwaka 2003 mkutano wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, pale Geneva ukaziachia nchi ziamue, na Uingereza na Ujerumani zikaifuta mwaka huohuo. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya hapa, ikajivutavuta mpaka tarehe 23 Februari 2007.

Na hao wanaojitapa, waulizeni walipita lini. Zamani Jenero ilidai maneno 13 kwa dakika na Ekstra 20, hapo mtu namvulia kofia. Kuanzia Aprili 2000 ikawa maneno 5 kwa madaraja yote yaliyodai Morse. Matano, wakuu! Neno huhesabiwa herufi tano, kwa hiyo hiyo ni herufi moja kila baada ya sekunde mbili na ushee. Unapata muda wa kunywa chai katikati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Morse naipenda. Nilijifunza mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwa sikio na si kwa kuhesabu nukta na vistari. Kwa wati 5 na waya niliouning'iniza mtini nimeongea na jamaa wa Ureno usiku ambao sauti ilikuwa haipenyi kabisa. Mlio wa Morse unachukua kama hezi 150 tu kwenye masafa, sauti inakula 2,500 hivi, ndiyo maana Morse hupenya. Huo ndio utamu wake. Sasa ukimlazimisha mtu, atakariri wiki tatu, afaulu, kisha kibonyezo akitupe kabatini. Ninaowajua wa namna hiyo siwezi kuwamaliza kwa vidole.

Halafu eti bila Morse masafa yamejaa wahuni. Kuna bwana mmoja anatukana watu kwenye masafa ya mita 80 karibu kila usiku, na mwenyewe hutamba hewani kwamba Ekstra yake aliipata kwa maneno 20. Hayo maneno 20 yalimfundisha adabu gani?

Yule mzee nilimwambia palepale: basi tukutane masafa ya mita 40, Jumatatu saa tatu usiku, kwa Morse, kasi chagua wewe. Nimeita Jumatatu. Nimeita na jana. Naambulia mikwaruzo ya radi tu.