Mstaafu naomba ushauri: ninunue ngalawa, au nijifunze kukaa nyumbani?

Mwalimu_Kisauni

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa ndugu wote.

Nilistaafu mwezi wa Desemba nilipotimiza miaka 60, baada ya kusomesha hisabati katika shule za msingi kwa miaka 34. Muda wote huo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga pasi shati langu mwenyewe, nikawahi kengele. Kengele haipo tena, lakini mwili bado unaamka saa ile ile. Naswali, nanywa chai ya tangawizi kwa mahamri mawili, na ikifika saa mbili asubuhi sina tena jambo linaloningoja mpaka jua litue.

Nimejaribu kupanda kunde kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nimejaribu kusoma magazeti hadi matangazo ya vifo, lakini kinachonituliza kweli ni bahari. Kwa mfano, Ijumaa ya mwezi kumi na nne, mwezi mpevu, nilikaa ufuoni Bamburi, hapa Mombasa, tangu saa nne asubuhi, maji yamejaa hadi kugusa mizizi ya mivinje, nikiwatazama wavuvi tu, na nilirejea nyumbani moyo mweupe kama mtu aliyelala usiku kucha. Ndipo nikafikiria kununua ngalawa ndogo iliyotumika, niwe natoka na mzee mmoja mvuvi kuvua kwa mshipi, si kwa biashara bali kwa kitoweo na kwa raha ya nafsi.

Swali langu ni hili: je, inafaa kwa mtu wa umri wangu? Nanyi mliostaafu mnashindaje?

Bi_wa_Kuze

Wa alaykum salaam, mwalimu, na karibu ustaafuni. Mimi nilikuwa muuguzi, na mwaka wa kwanza nililia kwa kukosa tu mtu wa kuniita kwa haraka.

Siku zangu sasa zina mpango. Asubuhi natembea kutoka Mji wa Kale hadi Marikiti kununua viungo vya siku hiyo tu. Sinunui vya wiki, kwa sababu nikinunua vya wiki kesho sitakuwa na sababu ya kutoka na kusalimiana na wauzaji. Jumanne napika mabuyu na wajukuu: sukari na rangi zichemke mpaka shira ianze kunata kwenye mwiko, ndipo mbegu zimiminwe na kugeuzwa upesi kabla hazijashikana. Alhamisi navuka feri ya Likoni kwa miguu, na kwa kuwa mwenda kwa miguu halipi, naenda na kurudi kwa ajili ya upepo peke yake. Jioni natafuta kivuli cha mibuyu pale Mama Ngina, nanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na natazama meli kubwa zikiingia Kilindini karibu nasi hata mtu huona nguo za mabaharia zilizoanikwa.

Ngalawa siijui. Lakini jipe miadi, mwalimu, hata ikiwa miadi ni ya mihogo.

Baraza_la_Kibokoni

Mwalimu wa hisabati anatafuta la kufanya, na bao lipo! Njoo barazani baada ya Alasiri. Bao letu lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64; kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akanamua, yaani akaziingiza moja moja ubaoni, mpaka za mkononi zimwishie, kisha mchezo ukaingia mtaji, yaani wa kete za ubaoni tu. Yupo mzee hapa, fundi wa zamani wa mabomba, ambaye hukaa kimya ameshika kidevu, na kabla hajaokota kete ya kwanza amekwisha kujua ya mwisho itaangukia shimo gani. Nimecheza naye kwa miaka sita na nimemfunga mara nne, na zote nne nazikumbuka kwa tarehe. Kahawa tungu inamiminwa kutoka kwenye dele, kashata ipo, na anayefungwa ndiye anayelipa. Starehe kubwa kuliko hiyo ni ipi?

Hesabu_Kwanza

Ndugu zangu, mnamsifia mchezo na kahawa bila ya kumuuliza ngalawa inanunuliwa kwa fedha gani. Mtumishi wa umma akistaafu huruhusiwa kuigeuza robo ya pensheni yake ikalipwa kwa mkupuo, na mkupuo huo hauji mara mbili. Wangu niliutia kwenye matatu. Dereva alikuwa mpwa wangu, breki zikaharibika mwezi wa tatu, injini mwezi wa saba, na kabla ya mwaka kwisha nililiuza kwa nusu ya bei huku mpwa hapokei simu yangu. Mwalimu, tuambie bei, na utuambie kama umekwisha kutoa chochote.

Mwalimu_Kisauni

Nawashukuru. Bi wa Kuze, maneno yako kuhusu miadi nimeyaandika kwenye daftari. Ndugu wa baraza, bao nalipenda, ila Kibokoni ni mbali na kwangu.

Ndugu Hesabu, bei ni shilingi 60,000, na nimekwisha kutoa arubuni ya 20,000. Mwenye chombo alikuwa na mnunuzi mwingine kutoka Shimo la Tewa, nami sikutaka kukikosa. Ni mwembe mzima uliochongwa vizuri, hauvuji, na tanga lake lina kiraka kimoja tu. Sioni kuwa ni kosa mtu aliyefanya kazi miaka 34 kununua kitu kimoja kinachomfurahisha.

Kijana_wa_Tudor

Shikamoo, mwalimu. Babu yangu alistaafu akanunua redio mbili, moja ya taarifa na moja ya taarab, na anazifungua zote kwa wakati mmoja. Nunua ngalawa, mzee wangu, sisi tutakuja kula changu wa kupaka.

Mama_Bamburi

Mwalimu, nimekusoma mara mbili kwa makini. Umeandika juu ya mvuvi, juu ya mwenye chombo, juu ya mnunuzi wa Shimo la Tewa, na hata juu ya kiraka cha tanga. Mkeo hukumtaja. Yupo? Na kama yupo, anasemaje?

Mwalimu_Kisauni

Yupo, na Mungu amempa afya. Sijamwambia bado. Natafuta wakati mzuri.

Mama_Bamburi

Wakati wa kutoa arubuni uliupata. Kuna jambo unalificha, babangu, na ushauri wetu hautakufaa ukiutafuta kwa nusu ya habari.

Mwalimu_Kisauni

Ni kweli, na niwieni radhi. Mke wangu ni mtoto wa mvuvi. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, kaka yake alitoka wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, akiwa na ngalawa, na kilichorudi ni ubao mmoja wa pembeni. Tangu siku hiyo mke wangu hajakanyaga maji ya bahari, na watoto wetu wote wanne wamekulia Kisauni bila ya kujua kuogelea.

Lakini nanyi nifahamuni. Hiyo ilikuwa kusi, usiku, na nje ya mwamba. Mimi nataka kuvua asubuhi, ndani ya mwamba, na mzee aliyezaliwa na bahari hiyo. Sidhani kwamba huzuni ya zamani, hata iwe kubwa vipi, ifanywe sheria ya maisha yangu yote yaliyobaki.

Hesabu_Kwanza

Dai arubuni yako urudishiwe. Sasa naongea bila ya hesabu.

Nahodha_Mtwapa

Nimekaa kimya nikisoma, lakini sasa nitasema, kwa sababu mimi ni mvuvi na baba yangu alikuwa mvuvi. Kisa hiki hakiingii akilini.

Mwandishi anasema kwamba Ijumaa ya mwezi kumi na nne alikaa Bamburi saa nne asubuhi na maji yamejaa hadi kwenye mivinje. Mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kukauka sana, na bamvua katika pwani yetu maji hujaa alfajiri kiasi cha saa kumi na saa kumi na moja, kisha jioni saa hizo hizo, na kati ya saa nne na saa tano asubuhi hukauka. Kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, ndiyo maana baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, ndipo utayakuta yamejaa saa nne. Siku aliyoitaja, saa aliyoitaja, mtu hutembea kwa miguu kuelekea mwambani akiokota pweza. Anayesema aliyaona maji kwenye mivinje hakuwako Bamburi. Na asiyekuwako Bamburi pengine hana ngalawa, hana arubuni, na shemeji aliyezama hakuzaliwa.

Baraza_la_Kibokoni

Subhanallah. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuwasomea wazee hapa, tukamsomea marehemu Fatiha.

Bi_wa_Kuze

Tusihukumu upesi. Wagonjwa wangu wengi walinidanganya kuhusu siku maumivu yalipoanza, ilhali maumivu yenyewe yalikuwa ya kweli. Mwalimu, jibu mwenyewe.

Mwalimu_Kisauni

Nahodha, uko sawa kuhusu maji, na sina budi kusema lililobaki.

Siku ile sikuwa nimekaa ufuoni. Nilikuwa baharini. Nimekuwa nikitoka na yule mzee tangu Februari, mara tatu kwa wiki, na nyumbani nasema nakwenda kusoma magazeti. Ijumaa hiyo tulitoka alfajiri maji yakiwa yamejaa, tukatia nanga karibu na mwamba, na changu walikuwa wakila chambo cha pweza kana kwamba wametumwa. Mzee aliniambia mara mbili turudi, nami nikamwomba tungoje samaki mmoja zaidi. Maji yakatukimbia. Saa nne chombo kilikaa juu ya mchanga na nyasi, kimelala ubavu mmoja, nasi tukakaa kivulini mwa tanga mpaka baada ya Adhuhuri maji yalipoanza kurudi. Siwezi kusema kuwa niliogopa. Kaa wadogo walipita katikati ya miguu yetu, mzee akalala usingizi, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu kengele iliponyamaza, sikuuliza ni saa ngapi.

Nilipoandika hapa sikutaka mjue kuwa nimekwisha kuanza, basi nilichukua asubuhi ya wiki nyingine, ambayo kweli nilikaa ufuoni, nikaibandika kwenye Ijumaa ile. Shemeji alizaliwa, Nahodha. Jina lake mwanangu wa kwanza analo.

Nahodha_Mtwapa

Mwalimu, nisamehe. Nyasi za chini na kulala ubavu vimenitosha, na kuhusu marehemu nakupa pole kwa kuchelewa.

Sasa nisikilize kama mwenzangu. Kwanza, chombo kisajiliwe, wewe mwenyewe uwe na leseni ya uvuvi, na ujulikane kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wenu, ili usiporudi wawepo watu wanaojua kwamba ulitoka. Pili, jaketi la kuokolea ni la kuvaa. Ukiliweka chini ya tanga ni mzigo tu. Tatu, jifunze kuogelea kabla ya kulipa salio, kwa maana ndani ya mwamba napo pana mikondo pale maji yanapotokea. Nne, kusi ikiwa kali, kaa nchi kavu na ucheze bao na hawa wa Kibokoni. Na mzee akisema turudi, rudini.

Mama_Bamburi

Yote hayo ni mazuri, ila la kwanza kabla ya leseni ni mkeo. Asisikie kwa jirani.

Mwalimu_Kisauni

Ndugu zangu, nimechelewa kwa siku tisa, lakini sikupenda kurudi kabla ya kuwa na la kusema.

Nilimwambia Jumatano baada ya Isha. Alikuwa anaparua changu niliowaleta, ambao kama kawaida nilisema nimewanunua. Nilipomaliza kueleza, hakuinua kichwa. Alimshika samaki mmoja, akamfunua mdomo kwa kidole gumba, akanionyesha tundu dogo la ndoana. Akasema kwamba baba yake alivua kwa mshipi maisha yake yote, na kwamba wiki nzima mtu huenda akakosa sokoni samaki wanne wenye tundu upande mmoja wa mdomo, waliovuliwa na mkono mmoja. Tena akasema kwamba ndiye anayefua mashati yangu, na magazeti hayaachi chumvi kwenye ukosi. Amejua tangu Machi. Alikuwa akingoja nimwambie.

Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angenipigia. Siku mbili tulikula kimya. Jumamosi akaniambia nimpeleke akaione ngalawa. Alisimama kwenye mchanga mkavu kwa muda mrefu, kisha akavua viatu, akaizunguka yote bila ya kuigusa, mpaka alipofika kwenye kamba zinazofunga mirengu, zile mbao za pembeni zinazozuia chombo kisipinduke. Hapo aliinama, akaisokota moja kwa vidole viwili, na nyuzi zikakatika zikabaki kiganjani mwake kama makumbi makavu. Mwenye chombo alikuwepo, akaona haya. Anazibadilisha zote, na mimi sijalipa salio.

Jaketi mbili nimenunua, moja ni ya mzee. Mafunzo ya kuogelea nimeanza na mjukuu wangu wa miaka tisa, na yeye ananipita. Mke wangu hajasema ndiyo, wala hajasema la. Leo asubuhi, wakati ananimiminia chai, ameniuliza maji yatakauka saa ngapi.