Prednisoloni ya maji: napimaje 10 mg na 2.5 mg?

MamaW_Moro
Habari wadau. Mtoto ana ugonjwa wa figo wa kuvuja protini, na daktari ameanza kumshusha dozi ya prednisoloni. Karatasi ya kliniki imeandikwa kwa miligramu: 15, 10, 7.5, 5, kisha 2.5. Chupa inasema 15 mg/5 ml, na kijiko cha kwenye boksi kina alama mbili tu, 2.5 ml na 5 ml. Hiyo 10 naipimaje?

MfamasiaWaZamu
Mama, anza na 1 ml: 15 gawanya kwa 5 ni 3 mg. Kila dozi igawanye kwa 3.

15 mg = 5 ml
10 mg = 3.3 ml
7.5 mg = 2.5 ml
5 mg = 1.7 ml
2.5 mg = 0.8 ml

Ziandike pembeni ya miligramu kwenye karatasi hiyohiyo, kliniki wazihakiki. Kijiko chako kinafaa kwa 15 na 7.5 basi. Nunua mabomba mawili bila sindano, la 5 ml na la 1 ml. La 5 ml huwa na mistari ya 0.2, kwa hiyo 3.3 ni katikati ya 3.2 na 3.4, hapo usihangaike sana, tofauti ni ndogo mno. Shida iko chini kabisa. Ukipima 0.8 kwa bomba hilo ukapitiliza mstari mmoja, umeongeza robo ya dozi. Kuanzia 1.7 tumia la 1 ml: vuta 1, mpe, kisha vuta 0.7.

NesiWatoto
Naongezea kwenye kuvuta. Mimina dawa kidogo kwenye kikombe kisafi kikavu, vuta kutoka humo, na inayobaki usiirudishe chupani. Ukiona kipovu, elekeza ncha juu, gonga kwa kidole, kisukume nje, ndipo usome. Unasoma pale ukingo wa mpira ulio upande wa ncha unapogusa mstari. Wengi husoma ukingo wa nyuma na dozi inapungua. Tone linalobaki kwenye ncha halimo kwenye kipimo, hivyo usilisuuze kwa maji ukampa. Kifuniko cha ncha kitupe kabla hujamsogelea mtoto, kinaweza kumkaba. Na bomba la insulini hapana, alama zake ni uniti.

MamaW_Moro
Ahsanteni. Akitapika je?

NesiWatoto
Ndani ya dakika 30, rudia dozi ileile mara moja. Zikishapita, subiri dozi inayofuata. Akizidi kutapika, usikae nyumbani. Baada ya kutumia prednisoloni kwa muda mrefu, tezi za juu ya figo zinakuwa zimelala, na dawa ikikatika ghafla anaweza kulegea, sukari kushuka, hata kuzimia. Hiyo ni dharura.

MfamasiaWaZamu
Kila ukinunua chupa mpya soma namba upya, hata kama boksi linafanana. Zipo za 5 mg/5 ml, yaani 1 mg kwa 1 ml. Ukiendelea na 3.3 ml zako kwenye hiyo, mtoto anapata 3.3 mg badala ya 10, na hakuna atakayegundua hadi aanze kulegea. Kwa chupa hiyo, 10 mg ni 10 ml.